Rimoti ya Pili Bure

"Shemeji, acha kunionyesha meno, mimi si daktari wa meno," Mama Chaji alisema, na kiganja chake kikatua juu ya kioo cha kaunta kwa kishindo kilichoamsha simu zote zilizolala humo ndani, hata zile zisizo na betri. "Nijibu. Ulijua bei itapanda, au hukujua?"

"Biashara haina undugu, shemeji."

"Haina undugu? Miaka minne ulikaa kwenye kigoda changu unakula kwenye sahani yangu. Huo ulikuwa undugu au njaa?"

Shemeji huyu, mume wa mdogo wake, alikuwa na duka la vyombo vya umeme pale kona. Nyuma yake yalipandana maboksi ya mashine mpya ya gemu kutoka sakafuni mpaka darini, yamebanana hata mjusi aliyezoea ukuta ule alikuwa amehama. Mtaa mzima ulikuwa unazitaka mashine hizo, na mtaa mzima ulikuwa unamsema Mama Chaji, kwa kuwa ndiye aliyewaambia wangoje bei ishuke. Wakangoja. Bei haikushuka. Ilipanda, ikapumzika kidogo, asubuhi hiyo ikapanda tena.

Mama Chaji alianza maisha kwa kuchajia watu simu dirishani, na jina akalipata hapo hapo. Kutoka kwenye simu akaingia kwenye kutengeneza rimoti za kuchezea gemu, kwa sababu watoto wanazikamua kama ndimu na haziishi kuharibika. Siku moja akajitia kimbelembele, akanunua mashine mpya ya gemu wiki ile ile iliyotoka, ili watoto wa mtaani waje kuicheza kwa kulipa. Kabla hajarudisha hata nusu ya alichotoa, bei ikaanguka chini kama nazi bivu, na jirani akanunua mbili. Mama Chaji alilia machozi ambayo, yangekingwa, yangefua mapazia ya mtaa mzima, na yangebaki ya kusuuza.

Alipomaliza kulia alianza kuangalia. Mashine mpya, aligundua, ni kama bibi harusi. Siku za mwanzo haguswi, anatazamwa tu. Baadaye vumbi linakaa juu ya boksi. Mwisho mwenye duka anatundika tangazo: ukinunua, unapewa rimoti ya pili bure. Ukiona hiyo rimoti ya bure, ujue bei ya juu imeshavaa viatu na inatafuta mlango wa kutokea.

Tangu hapo hakuna mashine iliyotoka ambayo Mama Chaji hakuijulia siku zake. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kumuuliza. Kinyozi hanunui mpaka amsikie. Kuna bwana mmoja aliahirisha zawadi ya mchumba wake, mchumba akakasirika, bei iliposhuka akanunua zawadi na pete juu. Wengine walisema Mama Chaji akipiga chafya, wenye maduka wanapunguza bei kwa hofu. Naye hakuwakatalia. Sifa hazina uzito, mtu anaweza kubeba nyingi.

Na yote hayo, dalili moja baada ya nyingine, alimfundisha shemeji yake.

"Mimi nilitundika tangazo langu," shemeji alisema, akifuta kaunta ambayo haikuwa chafu. "Rimoti ya pili bure. Kosa liko wapi? Wewe ndiye uliyekwenda kuwatangazia watu kwamba bei inashuka."

"Ulitundika ili nione."

"Lilikuwa tangazo. Kila mwenye macho aliliona."

"Na sisi tulipokuwa tunangoja, wewe ukaenda kwa muuzaji wa jumla ukazoa maboksi yote, kwa sababu karani wake alikunong'oneza kwamba shehena inayofuata inakuja na bei ya juu. Usinitolee macho. Karani naye anachaji simu kwangu."

Shemeji akaacha kufuta.

"Umegawa rimoti ngapi za bure?" Mama Chaji akauliza, taratibu sasa, na sauti hiyo ya taratibu ilikuwa mbaya kuliko ile ya kishindo. "Nitakusaidia. Mbili. Moja alipewa kinyozi, alipochoka kungoja akanunua. Jana ameniletea, inakwama kushoto. Nimeifungua. Unajua nilikuta nini ndani?"

Shemeji alijua. Kila rimoti iliyopita mikononi mwa Mama Chaji ilikuwa na nukta ya rangi nyekundu ya kucha juu ya risasi aliyochomea nyaya, ili mteja akirudi na maneno, ijulikane kama ni kazi yake au ya mwingine.

"Nukta yangu," Mama Chaji alisema. "Rimoti yangu mbovu, niliyokupa siku unahama kwangu kufungua duka, ili utoe vipuri. Ukaipaka spiriti ikang'aa, ukaiita zawadi. Shemeji, hata mwizi wa kuku huenda kuiba kwa jirani. Wewe umeiba kuku wangu ukanialika mchuzi."

"Sasa unataka nini? Niyachome moto maboksi haya?"

"Nataka boksi moja. Moja tu, kwa bei ya siku ya kwanza, kwa ajili ya fundi cherehani."

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anawafunga vijana wote kwenye gemu ya mpira. Alitaka mashine yake mwenyewe pale kibandani, ili wanaosubiri suruali wacheze badala ya kumsimamia kichwani. Siku mashine ilipotoka alikuja na pesa yote kwenye bahasha, na Mama Chaji akaushika mkono wake akaurudisha: ngoja, bibi, shule zikifunguliwa utaniambia. Shule zilifunguliwa. Sasa fundi akipita alisalimia kwa kidevu, bila neno. Mtaa wote ungeweza kumtukana Mama Chaji na angekula akalala. Kidevu kile kilimnyima usingizi.

"Nikimpa mmoja watakuja wote," shemeji alisema.

"Na waje. Nitawaonyesha hiyo rimoti, nitawaambia ilikotoka."

Shemeji akacheka, kicheko cha mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake. "Waambie. Nani atakusikiliza? Wewe sasa hivi ukisema kesho jua litachomoza, watu watanunua mishumaa."

Hasira ilimpanda Mama Chaji, feni ya darini ikasita kuzunguka. Akatafuta kitu cha kushika, akashika ukingo wa kaunta.

Mlango ukasukumwa. Fundi cherehani aliingia, pini mbili zimebaki kwenye kola, bahasha imechakaa pembe zote.

"Karibu, mama, karibu sana," shemeji alisema kwa sauti ya asali, na mkono wake tayari ulikuwa umeliendea boksi la juu.

Fundi hakumtazama. Alikwenda kusimama ubavuni mwa Mama Chaji.

"Nimekuona unaingia huku," alisema. "Niambie. Nimpe, au ningoje?"

Mkono wa shemeji ukabaki juu ya boksi, haupandi, haushuki.