Chujio la Mkaa wa Mifupa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule moja ya kutwa kule Illasit alinipokea langoni, akanipa ufunguo na kunionyesha mlango wa kijani kwa kidole. "Madam, hiyo ndiyo maabara," alisema. "Ukipata kitu huko ndani kinafanya kazi, kuja uniambie, na mimi nifurahi." Nilikuta mizani iliyokwama, chupa za asidi zisizo na lebo, na kuku aliyekuwa akiatamia mayai ndani ya sinki. Nilikuwa nimetoka magharibi mwa nchi na shahada yangu ya kufundisha kemia, nikijiona mtu. Nilimtoa kuku, nikatafuta ufagio.

Nawaandikia nyinyi walimu vijana mnaokabidhiwa klabu ya sayansi kwa sababu hakuna mwingine aliyeinua mkono mkutanoni. Mimi niliipata hivyo hivyo, na sikuiacha mpaka nilipostaafu. Kazi yenyewe ni kuwaandaa wanafunzi wawili wawili kwa kongamano la sayansi, yale mashindano ambapo kila jozi husimama na mradi wake mbele ya majaji, kuanzia kaunti ndogo na kupanda ngazi hadi taifa. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni kazi ya gundi na karatasi za manila. Ndivyo nilivyodhani.

Illasit ndiko nilikojifunza habari ya sampuli dhibiti. Watoto wa wakulima walinyunyizia nyanya dawa ya vitunguu saumu na pilipili, wadudu wakapungua, tukaenda mashindanoni tukitembea kwa madaha. Jaji akauliza swali moja tu: "Mlilinganisha na nini?" Tulikuwa tumenyunyizia shamba zima. Hatukuacha hata tuta moja bila dawa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kama ni dawa iliyowaondoa wadudu au ni mvua. Tuta lile lisiloguswa ndilo huitwa sampuli dhibiti, na bila hilo mradi wako ni hadithi tu. Tulirudi nyumbani mikono mitupu.

Kutoka hapo nilihamishiwa Namanga, chini ya Mkuu wa Idara ya Sayansi aliyekuwa mkali kama pilipili na mwenye moyo mzuri kupita watu wote niliofanya nao kazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwasilisha. "Jaji hasomi chati yako," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Jaji amesimama tangu asubuhi na miguu inamuuma. Mwonyeshe kitu." Tena alikuwa na sharti, ambalo baadaye nilikuta majaji wa Kajiado nzima wanalo: aliyetengeneza kitu lazima akitumie mwenyewe hapo hapo. Ukitengeneza sabuni, nawa nayo uso. Ukitengeneza jiko, pika chai na uinywe. Nililipenda sharti hilo. Nami nilipoteuliwa kuwa jaji miaka iliyofuata, nililitumia bila kusita, maana liliwaumbua wengi waliokuja na vitu vya kununua dukani.

Nilimalizia kazi yangu Kitengela, katika shule ya wasichana, na mradi ninaotaka kuwasimulia ulianzia huko. Walikuwa wawili. Nashipae alitoka upande wa bara kavu kusini mwa mji, kwenye boma linalotegemea maji ya kisima cha kuchimbwa kwa mtambo. Maji yale yana floridi nyingi, madini yasiyo na rangi wala ladha, lakini yanayotia meno madoa ya kahawia. Ya Nashipae yalikuwa na madoa tayari. Mwenzake, Hafsa, alikuwa binti wa mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Kitengela kutoka kaskazini mashariki. Huyu aliweza kukokotoa kichwani kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni.

Nashipae ndiye aliyeleta wazo. "Madam, yangu imeshaharibika, hiyo nimekubali," aliniambia. "Lakini tuko na katoto nyumbani, Resiato. Bado ananyonya." Nilikuwa nimewafundisha darasani kwamba meno ya ukubwani huumbwa ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mdogo, na floridi hufanya uharibifu wake wakati huo, kabla jino halijaonekana. Basi alikuwa amepiga hesabu. Alitaka maji safi yafike bomani kabla meno ya mdogo wake hayajaumbika. Nimesimamia miradi mingi, na mingi ilikuwa ya kutafuta cheti. Huu haukuwa wa cheti.

Dawa ya floridi ni mkaa wa mifupa. Unachoma mifupa ndani ya debe lililozibwa kwa udongo ili hewa isiingie, kisha unaisaga na kuijaza kwenye ndoo yenye bomba. Ikiiva vibaya inabaki ya kahawia na maji yananuka. Ukiipitishia hewa inakuwa majivu meupe yasiyoshika kitu. Unaitaka nyeusi. Baba yake Hafsa ndiye aliyetuletea mifupa, magunia kwa magunia, kutoka kichinjio anachokiamini, na alitoa sharti moja: isichanganywe na mingine. Tulipima maji kwa dawa nyekundu tuliyoazima ofisi ya maji. Rangi hupauka kadiri floridi inavyozidi. Maji ya kisima yaliipausha. Yaliyopita kwenye ndoo yetu yaliiacha nyekundu vile vile. Wasichana walikumbatiana, nami nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia meza.

Tulishinda kaunti ndogo. Kabla ya mashindano ya kaunti pale Kajiado, Afisa wa Maji alitangaza kwamba mradi bora wa maji utajengewa chujio kubwa kwenye kisima cha jamii ya washindi. Nashipae hakulala wiki ile. Mkaa wetu ulikuwa umechoka, maana nao hushiba floridi ukafika mahali hauwezi kushika zaidi, kwa hiyo wikendi ya mapumziko alichoma mwingine huko nyumbani na kuuleta Jumatatu. Ulikuwa mweusi safi. Niliusifu. Wala sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi, kwa kuwa gunia la mwisho la mifupa alikuwa amelibeba yeye.

Walezi wa klabu hawaruhusiwi kuwakaribia wanafunzi wakati wa kuhukumiwa, kwa hiyo nilisimama nje ya ukumbi, dirishani. Niliona na kusikia kila kitu. Nashipae aliongea vizuri kuliko nilivyomfundisha. Mwishoni akaongeza maneno ambayo hatukuyafanyia mazoezi. "Mifupa ya mkaa huu ni ya ng'ombe wetu," aliwaambia majaji. "Alikufa na kiangazi. Nilikuwa nimepewa nikiwa mdogo, ni wangu. Nikaona badala alale pale nje, asaidie mtoto." Gunia la baba yake Hafsa halikuwa limetosha. Kwake yeye, hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote alizoweza kuuletea mradi, na majaji waliguswa, niliwaona.

Kisha Jaji Mkuu akasema lile ambalo kila jaji husema. "Vizuri sana. Sasa kunyweni."

Nashipae alikunywa glasi yake hadi mwisho. Hafsa alishika yake na kubaki ameitazama. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe, bila kuchinjwa, kwa watu wa dini yake ni kibudu, yaani najisi, na alikuwa ameyasikia hayo dakika ile ile, mbele ya umati. Baadaye watu wenye elimu hiyo waliniambia wako wanaosema moto hutakasa na wako wanaokataa. Msichana yule hakuwa na mtu wa kumuuliza. Angeweza kueleza sababu. Lakini kuieleza kungekuwa kumwambia rafiki yake, watu wakisikia, kwamba ng'ombe wake ni uchafu.

"Samahani, mwalimu," alimwambia jaji. "Siwezi."

"Huiamini kazi yenu?"

Hafsa akairudisha glasi mezani. Jaji akaandika. Nilijua anaandika nini, kwa sababu hata mimi, ningekuwa kwenye kiti kile, ningeandika hivyo hivyo.

Tulishindwa. Chujio la Afisa wa Maji lilikwenda kwingine, kwa wavulana waliokuwa na mradi wa kuvuna maji ya mvua. Hafsa alinieleza sababu yake usiku ule bwenini akilia, akaniomba nimwambie Nashipae, yeye hana maneno. Kesho yake nilimwambia. Nilidhani ukweli ungewapatanisha.

"Kwa hivyo yangu ni chafu," Nashipae alisema. "Ya kwao ndiyo safi."

"Sivyo, mwanangu. Alinyamaza ili asikuaibishe."

"Angekunywa tu, Madam. Kidogo tu. Ilikuwa ya Resiato."

Kila mmoja alikuwa amempa mwenzake kitu kikubwa kuliko alivyoweza kukipokea. Hawakukaa tena dawati moja. Baba yake Hafsa aliacha kuleta mifupa, si kwa hasira, ila hakuna aliyekwenda kuichukua. Nilipeleka ndoo yetu bomani mimi mwenyewe, nikamwonyesha mama yake Nashipae namna ya kuitumia, akaitumia mpaka mkaa ukashiba. Ng'ombe wa Nashipae alikuwa mmoja tu, na kuchoma mkaa mwingine kulitaka watu wawili, mmoja mwenye mifupa na mmoja mwenye boma.

Nimestaafu sasa, nina kuku wangu mwenyewe. Nikiulizwa najutia nini, watu hutarajia niseme mishahara. Najutia kwamba tuliwafundisha watoto kwamba kazi inakwisha majaji wakishaondoka mezani. Kila mwaka, mashindano yakiisha, vitu vile vinapangwa stoo na mwakani tunaanza vingine. Tungewaacha wale wawili bila jukwaa, bila wageni, bila glasi ya kunywa mbele ya watu, wangeulizana juu ya mifupa ile mahali pa faragha, wakacheka, wakachoma mingine.

Mwezi uliopita nilikwenda soko la mifugo la Kajiado kununua mbuzi wa Krismasi ya mapema. Mama mmoja akanishika mkono. "Takwenya, Mwalimu," alinisalimu kwa lugha ya kwao. "Iko," nikaitikia kwa lugha hiyo hiyo, ndipo nikamtambua kuwa ni mama yake Nashipae. Alikuwa na msichana mdogo aliyevaa sare ya shule. Mtoto aliinamisha kichwa, kama wafanyavyo watoto wa huko wakiamkia wakubwa, nami nikaweka kiganja changu juu ya utosi wake.

"Wewe ndiye Resiato?"

Aliinua uso, akanichekea wazi. Meno mawili ya mbele, ya ukubwani, yalikuwa yametoka juzi juzi tu, mapya, na tayari ya kahawia. Mama yake akageukia upande wa mbuzi. Mtoto aliendelea kunichekea kwa kinywa chote, kwa kuwa hajapata bado mtu wa kumwambia kwamba meno hayo ni ya kufichwa.