Nyumba ya Wazee Niliyoifungisha

Nilifanya kazi miaka minne katika nyumba moja ya wazee huko Forest, Ubelgiji, ghorofa ya pili, zamu ya asubuhi. Wazee walikuwa ishirini na sita, na sisi walezi tulikuwa wawili: mimi niliyetoka Bukavu, na maman mmoja wa Goma aliyenitangulia pale na kunifundisha kazi. Mwanzoni tulikuwa wanne. Mmoja aliacha kwa sababu ya mgongo, mwingine akahamia hospitali, na nafasi zao hazikujazwa. Kila Jumatatu msimamizi wa nyumba alituambia watu wapya wanakuja. Mwishowe tuliacha kumuuliza.

Ukiwa na dakika nane za kumwosha mtu mzima, kumbadilisha nepi na kumvika nguo, unajifunza kuchagua. Leo huyu ataoshwa mwili mzima, yule uso na mikono tu. Leo huyu atageuzwa kitandani, yule atangoja kesho. Nilichagua hivyo kila asubuhi, na baada ya muda sikuona haya tena.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha papa mmoja, kama tunavyowaita wazee wanaume kwetu, wa Lubumbashi. Alikuja Ubelgiji akiwa kijana, akafanya kazi ya umeme, akazeekea hapa. Mke wake alikuwa amefariki, na mwanawe wa pekee aliishi Kanada. Ugonjwa wa kusahau ulimnyang'anya Kifaransa kidogo kidogo, hadi kikabaki Kiswahili cha utoto wake peke yake. Wauguzi walidhani anabwabwaja tu. Siku ya kwanza niliyoingia chumbani mwake aliniambia, "Mayi iko baridi, mama," nami nikasimama na taulo mkononi, nikamjibu kwa Kiswahili. Alinishika mkono na kukataa kuuachia. Tangu siku hiyo nilimwosha yeye wa mwisho, ili nipate dakika mbili tatu zaidi za kukaa naye. Dakika hizo nilizichukua kwa wengine, nalijua hilo.

Katika chumba cha jirani yake alilala bibi wa Kibelgiji, mwalimu mstaafu, asiyeweza kujigeuza. Asubuhi moja nilifungua bandeji yake chini ya mgongo na harufu ikanipiga kabla sijaona kitu. Kidonda cha kulalia kilikuwa kimezama. Ndani yake nikaona kitu cheupe, nikaelewa kwamba ni mfupa. Nilimwita muuguzi, muuguzi akamwita msimamizi, na kabla ya chakula cha mchana gari la wagonjwa likamchukua. Alikufa hospitalini baada ya siku tisa. Msimamizi aliweka picha yake na maua kwenye meza ya mapokezi, na Jumatatu iliyofuata akatuambia tena kwamba watu wapya wanakuja.

Niliamua kushitaki, ila sikujua pa kwenda. Nilipiga simu wizara ya afya kwanza. Huko wakaniambia kwa upole kwamba wao ni serikali ya nchi nzima, wanashughulika na hospitali na dawa, na kwamba nyumba za wazee ni kazi ya mkoa. Ofisi ya pili iliniuliza nyumba yetu imesajiliwa kwa lugha gani: ya Kifaransa, ya Kiholanzi, au zote mbili, kwa sababu kila upande una wakubwa wake. Miaka minne nilikuwa nikiingia kwa mlango ule na sikuwahi kujua. Kesho yake nilisoma kibali kilichotundikwa mlangoni, nikanakili namba yake kwenye kiganja, na siku yangu ya mapumziko nikaenda mwenyewe kwenye wakala wa afya wa mkoa.

Mama aliyekaa kaunta alikuwa na nywele za mvi na subira ambayo sikuitegemea. Nilipomwambia kwamba sielewi hata nani ni nani, aligeuza fomu upande wa nyuma na kuchora visanduku. Juu kabisa mawaziri wa mkoa, ndio wanaotia saini. Chini yao halmashauri, ambamo wamo watu wa bima za afya, watu wa vyama vya wafanyakazi, na watu wa wenye nyumba za wazee. Nilimuuliza kama ni kweli wenye nyumba nao wamo humo. Akasema wamo, na wanaotetea walezi pia wamo. Kisha akachora idara: moja ya posho za wazee na vifaa vya walemavu, kama viti vya magurudumu, nyingine ya chanjo na magonjwa ya kuambukiza, nyingine ya kuzilipa nyumba kwa kila mzee zinayemtunza. Pembeni akaongeza kisanduku kidogo cha vibali na ukaguzi.

"Wewe unaingilia hapa," alisema, akikigonga kwa kalamu.

Nikamuuliza wakaguzi wako wangapi. Akasema ni wachache kwa mji mzima. Niliandika malalamiko palepale, kurasa mbili, kwa Kifaransa changu kisichonyooka. Akaniahidi kwamba jina langu halitatajwa.

Wakaguzi walikuja bila kutoa taarifa, Jumanne moja, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mwanamume alikagua karatasi: orodha za zamu, vyeti vya wafanyakazi, mikataba ya wazee. Mwanamke alikuwa muuguzi. Yeye alifungua kabati la dawa, akapima joto la maji ya bomba, akafunua mashuka, akahesabu sisi ni wangapi ghorofani. Halafu akaanza kuzungumza na wazee, chumba kwa chumba, msimamizi akimfuata nyuma. Walipofika kwa papa wa Lubumbashi, nikiwa namvika nguo, msimamizi alisema huyu hana maana, haongei. Papa akaanza kuongea. Mkaguzi akanitazama.

"Madame, wewe unamwelewa?"

Nikasema namwelewa. Akataka nimuulize anatunzwaje hapa. Nilimuuliza, na papa akajibu taratibu, kama mtu aliyengoja swali hilo muda mrefu. "Mayi ni baridi. Banatuacha mu mavi mpaka midi. Na mama wa chumba ya pembeni alilia siku mingi. Hakuna muntu alikuya."

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Nilitafsiri kwamba maji ni baridi, nikaishia hapo. Mkaguzi akasema mzee ameongea zaidi ya hapo. Nikatafsiri yote, kwamba tunawaacha kwenye kinyesi mpaka adhuhuri, hadi neno la mwisho, kwamba hakuna mtu aliyekuja. Mtu ambaye hakuja nilikuwa mimi. Yule bibi nilimsikia akilia, na nilipita na toroli la mashuka kwa sababu saa zilikuwa zimekwenda.

Baada ya hapo kila mtu alikisia ni nani aliyeshitaki, na jina langu halikuwa siri tena. Msimamizi hakunifukuza. Alinipa tu zamu mbaya na aliacha kunisalimia. Wakala ulimpa muda wa kurekebisha mambo: aajiri walezi, anunue magodoro, atengeneze maji. Magodoro yalikuja, maji yakatengenezwa. Walezi hawakuja. Wakaguzi walirudi mara mbili, na mara zote mbili walituhesabu wawili. Faili likapanda kisanduku kwa kisanduku, likafika juu kwenye saini, na barua ikateremka: kibali kimeondolewa, nyumba ifungwe, wazee wahamishwe.

Nilikuwa nimeomba isaidiwe. Kufungwa hakukuwahi hata kunijia akilini. Nilimpigia yule muuguzi mkaguzi na kumwambia hivyo, nikilia ndani ya kituo cha tramu, watu wakinitazama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madame, sisi tunaweza kutoa kibali na tunaweza kukiondoa," alisema. "Hatuna walezi wa kuwaletea. Ningekuwa nao ningewaleta mwenyewe."

Maman wa Goma alisoma barua ile ubaoni, akavua aproni yake ya kazi, akaja kunikuta jikoni. Alijua kwamba ni mimi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wazee wake kumi na watatu amewaosha miaka tisa, na sasa watatupwa huku na huku kama masanduku. "Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Bon, tungeenda wawili. Tungesema tunataka watu, si wakaguzi." Wiki zile za mwisho tulifanya kazi bega kwa bega na hakunisemesha isipokuwa kuhusu kazi.

Wakala ulileta orodha ya vitanda vilivyo wazi mjini, na familia zikaanza kuchagua. Mwana wa papa alichagua kwa simu, kutoka Kanada, nyumba ya kwanza iliyokubali. Ilikuwa upande wa pili wa mji, na huko hakuna aliyejua Kiswahili. Nilirudi kwa yule mama wa kaunta. Nilimwambia kwamba mtaa wa Ixelles kuna nyumba yenye walezi wawili wa Kivu wanaojua Kiswahili, nimekwenda kuwaona, na kitanda kipo. Alitafuta kwenye kompyuta yake muda mrefu. Mwisho akasema mimi si ndugu, siwezi kuomba kwa niaba yake, na kwenye faili lugha ni mbili tu, Kifaransa na Kiholanzi; ya tatu haina mahali pa kuandikwa. Nilimpigia mwanawe. Alisema ameshatia saini, na amechoka. Alikuwa mkweli, alichoka kweli.

Siku ya kuhama nilimvika papa koti lake la kijivu. Gari lilikuwa linangoja. Akaniuliza, "Mama, banitwala wapi?" Nikamwambia anapelekwa nyumba mpya, nzuri, yenye maji ya moto. Akauliza kama nakwenda naye. Nikasema nitakuja Jumapili. Alivuta mlango wa gari mwenyewe, ukagonga, ukarudi wazi, dereva akaufunga.

Jumapili nilikwenda, na kila Jumapili baada ya hiyo, tramu moja na basi moja. Nyumba ile ilikuwa safi, walezi wa kutosha, godoro jipya lenye hewa. Walimgeuza kwa saa zake, na sikuona alama yoyote mwilini mwake. Lakini hakula. Alipoongea, walitabasamu na kumpigapiga bega. Muuguzi mmoja kijana aliniomba nimwandikie maneno, nikayaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuibandika juu ya kitanda: mayi, baridi, choo, inauma, nina njaa. Alijitahidi, alimsomea kila siku. Papa alimtazama tu. Jumapili ya tano hata mimi hakunijibu. Nilimlisha uji vijiko vitatu akageuza uso ukutani. Niliongea peke yangu, nikamsimulia bei za maduka ya Wakongo ya Matonge na mvua, mpaka saa ya basi.

Alifariki wiki ya nane. Mwanawe alikuja kuzika. Hakujua Kiswahili, baba yake hakumfundisha, alitaka mtoto awe wa hapa. Aliniuliza baba alisema nini mwishoni, nikamwambia ukweli, kwamba wiki tatu za mwisho hakusema kitu. Akaomba nimsomee ile karatasi ya ukutani, neno moja moja, akarudia nyuma yangu. Kwenye "inauma" sauti yake ilikatika, akakunja karatasi na kuitia mfukoni.

Mwezi uleule nilipata barua ya wakala. Malalamiko yangu yalikuwa na msingi, iliandikwa, na faili limefungwa kwa sababu nyumba husika haipo tena.

Sasa nafanya kazi Uccle, mtaa mwingine wa mji, katika nyumba kubwa yenye bustani. Nawaosha wazee saba kila asubuhi, na muda unatosha. Maman wa Goma nilimwona mara moja kwenye saluni katika jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Nilisimama nje ya kioo, nikamwamkia kwa mkono. Aliniona. Akafungua gazeti na kuliinua hadi usoni, na mimi nikabaki pale kitambo nikidhani labda atalishusha.