Spinachi ya Gunia la Pili

Busayna, mama yake Rim, alikuwa mwoga tangu utotoni na hakuona haya kulikiri. Aliogopa mbwa, aliogopa nyaya za umeme, aliogopa simu ikilia alfajiri. Kuliko vyote aliogopa chakula kilichoharibika, kwa maana alipokuwa na umri wa miaka tisa alimwona mjomba wake akigaagaa sakafuni kwa samaki wa chumvi, na sauti ya kugumia kwake haikumtoka masikioni. Basi mumewe, fundi wa majokofu, alipofariki na kumwachia friza mbili kubwa, na mjane huyo akaanza kugandisha mboga za watu, majirani zake wa Mansura, mji wa Delta ya Nile huko Misri, walisema hakuna mkono salama kuliko wa mwoga.

Wanawake wa jengo lile la ghorofa sita walikuwa watu wa kazi, walimu na makarani na manesi. Walirudi saa nane mchana nyayo zinawaka moto na watoto wanadai chakula. Kwa Mama Rim walipata bamia changa zilizokwisha kukatwa vikonyo, njegere, mlenda uliokatwakatwa kwa kisu mpaka ukawa laini kama uji, na spinachi. Ndani ya kila mfuko aliweka kifuko kingine kidogo, kitunguu saumu na giligilani zilizotwangwa pamoja zikakaangwa kwa samli, zikagandishwa kama kipande cha sabuni. Mwenye haraka hakuwa na la kutwanga. Masharti aliyarudia kila alipokabidhi mfuko, hata kwa waliomzoea miaka mitano.

"Usiiyeyushe kwanza," aliwaambia. "Mboga ikiyeyuka nje ya sufuria inamwaga maji yake yote, halafu unakula matambara. Kaanga nyanya mpaka mafuta yapande juu, tia dengu, kisha itumbukize na barafu yake hivyo hivyo. Saumu iingie mwisho. Chumvi uionje baada ya saumu, si kabla."

Na kabla ya yote hayo aliichambua. Alikaa mezani, miwani puani, akapitisha jani moja moja kidoleni kama anayehesabu tasbihi. Kisha akalichovya katika maji yanayochemka, akalitia kwenye maji ya barafu, akalikamua, akalikata.

Siku kumi kabla ya Ramadhani, watu wote walitaka mboga kwa pamoja. Mwanamke wa shamba aliyezoea kumletea spinachi alikuwa mgonjwa, hivyo Busayna alikwenda sokoni mwenyewe na kununua magunia mawili kwa mchuuzi asiyemjua. Gunia la kwanza alilichambua kama kawaida yake. Alipofungua la pili, Rim akapiga simu kutoka Kuwait. Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, ana kichefuchefu, ana upweke, na alitaka kulia mahali ambapo mumewe hasikii. Busayna aliiegemeza simu kwenye bakuli la ndimu, akamtazama mwanawe usoni, akambembeleza kwa saa nzima. Mikono yake ilikuwa kazini muda wote huo. Ilishika mafungu, ikakata mizizi, ikatumbukiza majini. Macho yake hayakuwa pale. Walipoagana gunia lilikuwa tupu, naye aliona fahari kidogo kwamba kazi imekwisha upesi hivyo.

Ilipatikana mifuko ishirini. Kesho yake asubuhi, siku ya Jumanne, alipanda na kushuka ngazi akagawa minane ya kwanza iliyomjia mkononi.

Saa nane mchana mlango wake uligongwa, si kwa vidole bali kwa kiganja. Alipofungua alimkuta Mwalimu Rifaat wa ghorofa ya pili, mstaafu aliyefundisha historia miaka thelathini na sita, mtu ambaye hata takataka alizishusha akiwa amevaa tai. Siku hiyo alikuwa na fulana ya ndani na miguu mitupu. Uso wake ulikuwa mwekundu kana kwamba amesimama juu ya tanuri, midomo imekauka mpaka inapasuka.

"Nipe maji, shemeji," alisema, naye hakuwahi kumwita shemeji.

Kabla hajajibiwa, alimtazama mtu nyuma ya bega la Busayna. "Nabila, mbona hujavaa? Tutachelewa harusini."

Nabila alikuwa mke wa Mwalimu, na alikuwa kaburini mwaka wa sita. Busayna akageuka bila kutaka, akaona koti lake mwenyewe limetundikwa ukutani. Aliporudisha uso, mzee alikuwa anavuta nyuzi hewani, uzi baada ya uzi, anazikunja kwa uangalifu na kuzitia katika mfuko wa fulana usiokuwapo.

Alidhani ni kiharusi. Alimkalisha kitini, akapiga kelele ngazini kumwita Sista Tahani, nesi wa ghorofa ya tano aliyekuwa mapumzikoni. Tahani alishuka mtandio umemkaa upande. Alimmulika mzee machoni kwa tochi ya simu, akamulika tena. Mboni zilikuwa zimetanuka hata rangi ya jicho haikuonekana, na mwanga haukuzifanya zisinyae hata kidogo. Akaingiza mkono kwapani mwake, akautoa mkavu.

"Mwalimu, umekula nini leo?" aliuliza taratibu.

"Spinachi," alijibu Mwalimu kwa heshima. "Ya huyu bibi. Ilikuwa chungu kidogo, lakini nimemaliza sahani. Sikutaka kumvunja moyo."

Tahani hakuinua sauti. "Mama Rim, uliichambua?"

Busayna alikwenda kwenye friza, akachukua mfuko, akaupasua chini ya bomba la maji ya moto na kuutandaza kwenye sinia. Walitafuta wote wawili, vichwa vimegusana. Majani yalikuwa kijani kibichi, laini, ya kawaida. Wakafungua wa pili. Humo Tahani aliinua kipande kwa ncha ya kisu. Kilikuwa na ukingo wa meno makubwa, mshipa mnene, na kilipopata joto kilitoa harufu nzito ya panya. Kilikuwa mnanaha, gugu la kando ya mifereji, lenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba. Kila mtoto wa Delta hukatazwa kuligusa. Ukiwa mchanga, ukaota katikati ya spinachi, mkono usio na macho hauwezi kuutambua.

"Kuchemsha hakuondoi sumu yake," alisema Tahani. "Wala barafu. Umegawa mingapi?"

"Minane."

"Basi huu wa Mwalimu ni mmoja. Mimi nampeleka hospitali. Wewe kakusanye saba."

Mlinzi wa jengo alimbeba Mwalimu mgongoni mpaka kwenye teksi, na mzee njia nzima alikuwa akimwonya asikanyage wageni wa harusi. Busayna alibaki ngazini. Anasema mpaka leo hajui alipandaje. Anachokumbuka ni saa. Ilikuwa imebaki saa moja watu waanze kula, na wengine hula mapema.

Milango minne ya kwanza ilimpa mfuko ukiwa mgumu bado, na wenye nyumba wakamtazama kwa mshangao akiukumbatia kama mtoto. Wa tano ulikuwa motoni. Mama Hazim, karani wa posta, alikuwa anamimina saumu juu ya mchuzi, na ule mlio wa samli ulipomfikia Busayna mlangoni aliingia bila salamu, akashika sufuria kwa mikono mitupu na kuimwaga sinkini.

"Umerukwa na akili?" Mama Hazim alimshika bega. "Nina watu watano hapa."

"Kuna sumu ndani," alisema Busayna. "Sikuichambua. Nisamehe, sikuichambua."

Mama Hazim alimwachia bega polepole. Hakumtukana. Alikwenda akaanza kuwafungua watoto vinywa mmoja mmoja na kuwanusa, na Busayna aliona afadhali angetukanwa.

Wa sita ulikuwa kwenye friji ya mwalimu wa hesabu. Wa saba ulikuwa wa Shukriya, fundi cherehani wa ghorofa ya sita. Shukriya alimsikiliza akiwa na pini mdomoni, akazitema moja moja kiganjani.

"Nilimpelekea mama kule Talkha, ng'ambo ya mto, asubuhi," alisema. "Yuko na binti yangu Lujain. Mama anakula baada tu ya adhuhuri."

Walipiga simu. Ikaita ikakatika. Wakapiga tena. Bi Inayat, mama yake Shukriya, alikuwa mzito wa kusikia, na simu yake alikuwa akiifungia kabatini isiibwe. Shukriya alimtazama Busayna kwa namna ambayo Busayna aliikwepa, wakateremka mbio.

Daraja la kwenda Talkha lilikuwa limeziba. Teksi ilisogea hatua moja, ikasimama. Chini yao mto ulipita bila haraka. Shukriya alikuwa anapiga simu bila kukoma, na kila mlio ulipokatika alisema jina la bintiye kwa sauti ndogo, si kwa kumlaumu mtu. Busayna alijaribu kusoma Ayatul Kursi, akapotea katikati, akaanza upya, akapotea pale pale. Aliwaza mtoto wa miaka sita anavuta nyuzi hewani. Aliwaza ingekuwaje kama jana yake angepokea simu ya Rim na kusema tu, mwanangu, subiri nimalize gunia. Dereva aliuliza kama wanakwenda msibani.

Harufu ya saumu na giligilani iliwapokea ngazi ya kwanza. Harufu ambayo Busayna alijivunia maisha yake yote ilimfanya ashike ukuta. Bi Inayat alifungua mlango akitabasamu. Mezani palikuwa na sahani mbili zilizofutwa kwa mkate mpaka zinang'aa.

"Mmechelewa, wanangu," alisema bibi. "Lakini nimewabakizia sufuriani. Imekuwa tamu, Mama Rim, Mungu akuweke."

Lujain alikuwa chini ya meza na mwanasesere wake. Alikuwa anaomba maji.

Hayo maneno mawili, anaomba maji, Busayna aliyasikia kama hukumu. Shukriya alimnyakua mtoto bila kumvalisha viatu, Busayna akabeba sufuria. Bibi alifuata akiuliza kuna nini, na ilibidi wamweleze kwa kupaza sauti ndani ya teksi, mpaka dereva akaelewa akaanza kupita upande usioruhusiwa.

Hospitalini waliwekwa kwenye vitanda viwili vya jirani. Daktari aliwanywesha maji meusi ya mkaa, akawafunga nyaya kifuani, akasema sasa kazi ni kusubiri. Busayna alisimama ukutani kwa saa nne. Alimwangalia mtoto kila alipopepesa. Lujain alipojikuna shavu, alidhani imeanza. Alipocheka peke yake, alimwita nesi. Bi Inayat aliposema anaona mtu dirishani, Busayna alianguka kitini, kumbe kweli kulikuwa na fundi anapaka rangi. Mwisho Lujain mwenyewe aliuliza kwa nini shangazi huyu anamtazama hivyo, na kama ana deni naye.

Mboni za mtoto hazikutanuka. Wala za bibi. Mabaki ya sufuria yao yalipokaguliwa, hayakuwa na kitu. Mfuko wao ulitoka gunia la kwanza.

Mwalimu hakubahatika hivyo. Chumba cha pili alikuwa amefungwa mikono kitandani kwa vitambaa, moyo unakimbia, anafukuza siafu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Siku mbili Tahani alikwenda na kurudi akiwa na jibu lile lile, kwamba bado haijulikani kama atapona. Busayna hakulala wala hakula. Alimwaga kila kilichokuwa katika friza zote mbili, hata bamia, hata njegere alizozigandisha tangu majira ya baridi, akaosha kuta zake kwa siki. Kisha akapanda mlango kwa mlango na kuwaambia watu jinsi ilivyokuwa. Shukriya alimshika mkono ngazini akamwambia aseme ni mchuuzi, maana kweli ni mchuuzi. Busayna alisema mchuuzi aliuza majani, lakini aliyeaminiwa na watu ni yeye Busayna.

Asubuhi ya tatu Mwalimu alifumbua macho na kuuliza nani amechukua tai yake.

Busayna alikwenda kumwomba radhi akiwa bado wodini. Alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini Mwalimu aliinua mkono. Lililomtisha yeye halikuwa sumu.

"Nilisema nini mbele za watu?" aliuliza. "Usinifiche."

"Ulimwona marehemu Nabila. Ulimwambia hajavaa, mtachelewa harusini."

Mwalimu aligeuza uso dirishani. "Tulichelewa kweli," alisema. "Harusi ya mdogo wake. Alinikasirikia wiki nzima." Baadaye akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba amemsamehe, ila chakula chake hatakila tena, na asione vibaya.

Ramadhani ile kila mtu alipika mwenyewe. Baada ya Idi, Mama Hazim alikuja kuomba njegere, akifuatiwa na mwalimu wa hesabu, na Shukriya naye akaja, kwa aibu kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Wengine wanne hawakurudi. Sasa Busayna huchambua mlango ukiwa umefungwa na simu ikiwa chumba kingine, na Rim hulalamika kwamba mama yake hapatikani. Mboga za majani amezirudia pia, mlenda na hata spinachi. Lakini kila anapomaliza gunia hujipikia kwanza sahani moja, anaitia nyanya, dengu na saumu yake, anaila yote. Kisha huketi mbele ya kioo na tochi mkononi, akijimulika jicho la kulia, halafu la kushoto, mpaka saa tatu zipite. Ndipo huchukua mifuko na kuanza kupanda ngazi.