Ofisi ya Mkubwa Nyuma ya Kioo

Katika miaka ya sabini nilikuwa mpiga eksirei katika hospitali ndogo ya binafsi nje kidogo ya mji wa Nyeri. Siku hizi jengo lile ni ghala la mbolea. Mashine yetu ya kwanza ilitaka umshikilie mgonjwa kwa mkono mmoja na swichi kwa mkono mwingine. Miale iliyompiga yeye ilitupiga na sisi, ila yeye alipigwa mara moja akaenda zake. Mwenzangu, dada mmoja wa upande wa Meru, alikuwa akisema kwake hanunui tena mafuta ya taa, anajiangazia mwenyewe.

Kisha wafadhili wakatuletea mashine mpya. Meza ilipanda na kushuka yenyewe, mikanda ilimshika mgonjwa, na miale ilijikata bila kuguswa. Fundi aliyeifunga alitujengea kachumba pembeni ka kujikingia tukipiga picha, ukuta wake una madini ya risasi, dirisha lake la kioo kizito.

"Upande wa meza abaki mgonjwa peke yake," alituambia. Tulimnunulia chai na mandazi kwa furaha.

Mganga Mkuu, bosi wetu, alikuja kukikagua. Akagonga ukuta. "Ati miale haiingii hapa hata kidogo?"

"Hata kidogo, mkubwa."

Wiki hiyohiyo alihamishia humo meza yake, zulia, na picha yake ya kuhitimu. Alitueleza kwamba kiongozi akidhurika, hospitali nzima imedhurika.

Swichi ilikuwa imefungwa ukutani humo ndani, kwa hiyo ilibaki kwake. Mwanzoni tulibisha hodi tukiomba kubonyeza. Alipochoshwa na hodi zetu, akaamua kubonyeza mwenyewe. Sisi tukarudi palepale pa zamani, kando ya meza, tukimpa ishara kupitia kioo, naye akipaza sauti, "Usipumue!" kama kocha wa mpira. Wageni walipokuja aliwaketisha ndani na kuwaeleza jinsi mashine inavyowakinga wafanyakazi. Wafanyakazi wenyewe walikuwa nje ya kioo, kwenye miale, wakitabasamu.

Ndipo mwenzangu akapata mimba. Nilimsindikiza kwenda kumwambia mkubwa.

"Mkubwa, niko na mimba. Siwezi kusimama pale tena."

"Si usimame mbali kidogo? Pale kwa mlango."

"Basi hamia wewe pale kwa mlango, mimi nikae hapa."

Mkubwa akatuonyesha njia ya kutokea. Nilikuwa na watoto shuleni, na nilishaona tumefukuzwa sote wawili.

Asubuhi iliyofuata akaja mama muuza viazi wa Karatina, kifundo cha mkono kimevimba. Tulimketisha, kisha tukatoka, tukakaa kwenye benchi la korido pamoja na wagonjwa. Mkubwa aliita, akaita tena, mwishowe akachungulia mlangoni.

"Nani anaweka filamu?"

"Wewe, mkubwa," mwenzangu akajibu. "Si mashine inajiendesha?"

Watu walikuwa wanatazama, akaona haya kukataa. Alirudi ndani. Tukasikia, "Usipumue!"

Mama naye akauliza, "Kwani mkono yangu inapumua?"

Korido nzima iliangua kicheko. Picha ilipooshwa ilionyesha kalamu aliyoisahau mkubwa juu ya filamu, imetoka vizuri sana, na ncha ya kidole kimoja cha mama. Mkubwa aliitazama, akakumbuka ana mkutano. Tukaingia kwenye kachumba ketu, tukafunga mlango, tukampigia mama picha nyingine. Mfupa ulikuwa umepasuka, akafungwa plasta.

Kufikia Ijumaa mkubwa alikuwa amehama. Alisema chumba kile hakina hewa. Alijichagulia ofisi jengo la mwisho kabisa, ng'ambo ya jikoni, na hakutufukuza, kwa kuwa angelazimika kueleza sababu.

Mwenzangu alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti kali. Mkubwa alimtumia zawadi ya blanketi. Lilikuwa la wodi ya wanaume, bado lina muhuri.