Kinyozi Kaleb na Uvimbe wa Shukuru

Kaleb ni kinyozi hapa Korogwe, na tangu nimfahamu hajawahi kunyoa mtu kimyakimya. Ukikaa kwenye kiti chake anakusomea kichwa: hiki cha mtu mbishi, hiki kitaota upara mapema. Kwa hiyo mkewe, Ritha, alipogundua kinundu kigumu juu ya sikio la mtoto wao wa miezi minne, Shukuru, Kaleb alikipapasa mara moja tu akatoa hukumu.

"Hicho ni kichogo cha ukoo wetu. Babu alikuwa nacho."

"Kichogo kinakaa nyuma, Baba Shukuru. Hiki kiko ubavuni."

"Kitahama."

Hakikuhama. Kilikua hadi kikawa kama limau, na ngozi ya juu yake ikaingia weusi wa kibluu, kama mahali palipogongwa. Majirani wakaanza kumuuliza Ritha ni nani kamwangusha mtoto. Kaleb akanunua kofia ya sufu, akamvalisha Shukuru katika joto lile la Korogwe.

Ndipo mama yake Ritha, Evodia, akashuka kutoka kijijini kwake Sindeni na jogoo kwapani.

"Shikamoo mama," Kaleb akasema.

Evodia alikuwa ameshaivua ile kofia. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kaleb mwanangu, kichogo hakikui. Vaa viatu twende hospitali."

Jogoo akaachwa saluni. Hospitali ya mjini ikawapa rufaa ya Dar es Salaam, na huko, baada ya vipimo, daktari aitwaye Faudhia akawaketisha wote watatu. Akasema ni uvimbe wenye rangi nyeusi, umeota kwenye mfupa wa fuvu na kushika utando unaofunika ubongo. Unawapata watoto wachanga, tena kwa nadra mno. "Mimi mwenyewe nimeusoma tu vitabuni. Lakini bosi wangu ameshawahi kuutoa."

Habari zikaenea wodini. Madaktari wanafunzi wakaja makundi kwa makundi kumwona Shukuru, na Evodia akajikabidhi kazi ya kuwapanga foleni. "Karibuni. Mmoja mmoja. Ukishaona, mpishe mwenzako, na useme neno zuri kwa mama mtoto."

Asubuhi ya upasuaji nesi alikuja na wembe. Kaleb akasimama.

"Dada, hiyo ni kazi yangu."

Nesi akampa. Kaleb akauinua wembe, akaushusha kabla haujafika kichwani.

"Huu wembe mbovu."

Akaletewa mwingine.

"Nao mbovu."

Evodia akauchukua taratibu, akamrudishia nesi. "Wembe ni mzima, mwanangu. Mbovu ni wewe leo. Kaa chini."

Ritha, ambaye hakuwa amecheka tangu watoke nyumbani, alicheka mpaka akalia. Kaleb alilia moja kwa moja, bila kupitia kwenye kicheko.

Madaktari waliutoa uvimbe wote, pamoja na kipande cha mfupa na ukanda wa ule utando. Ndani ulikuwa mweusi kama masizi. Ubongo ulikuwa salama. Majibu ya maabara yalisema si saratani, ila una tabia ya kurudi, kwa hiyo mtoto awe anapimwa.

"Daktari," Ritha akauliza, "ni kwa sababu aliangushwa?"

"Hapana. Tunadhani chembechembe za rangi zilipotea njia akiwa bado tumboni. Hakuna aliyekosea."

"Naomba urudie, nirekodi kwenye simu."

Faudhia akarudia. Ritha aliporudi Korogwe aliwasikilizisha majirani, nyumba kwa nyumba, sauti ikiwa juu kabisa.

Shukuru sasa anatimiza miaka miwili. Anakimbia, anauma, na kunyolewa hataki. Mwezi uliopita walikwenda tena Dar, na picha ya kichwa ikatoka safi. Ritha akampigia mama yake Sindeni. Evodia akavuta kamasi kwenye simu, kisha akauliza kama wameshakula.