Kitanda Chenye Injini

Baba yangu, Mikidadi wa Chinongwe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkata majani. Naandika hivyo bila aibu, maana hata yeye alijibu hivyo alipoulizwa kazi yake. Wazungu wa mpango wa kulima karanga walipojenga nyumba zao Nachingwea, walitaka kila nyumba izungukwe na ukoka uliokatwa mfupi kama nywele za askari. Baba alianza na fyekeo moja. Baadaye akapata vijana wa kumsaidia, na mashine ya kusukuma kwa mikono, ambayo aliipenda hata akawa anaifunika kwa kanga ya mama wakati wa mvua.

"Nimeletewa mke mwenza wa chuma," mama alikuwa akiwaambia majirani.

Mpango wa karanga ulipokufa, Wazungu wengi waliondoka, lakini majani hayakuondoka. Hospitali ilibaki, nyumba za serikali zilibaki, na huku Ruangwa nako walitaka viwanja vyao vifyekwe. Kuwatembeza watu na mashine huku na huku kulimshinda. Alihitaji gari, na magari ya karanga yalikuwa yakiuzwa kwa mnada.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ndiyo iliyomnyima raha. Mama yangu, Mwamini, alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba, na alilala ameegemea ukuta ili apate pumzi. Daktari wa Nachingwea alisema akizidiwa apelekwe upesi, na kutoka Chinongwe hadi Nachingwea si mwendo wa kumbeba mtu mabegani.

Siku ya mnada nilikwenda na baba. Magari yaliyokuwa ndani ya uwezo wake yalikuwa mawili: pikapu ndogo ambayo injini yake ilinguruma bila kukohoa, na lori kuukuu la jeshi, refu, zito, lisilowaka bila kupigwa hendeli.

"Mzee, chukua hii ndogo," alisema Lukumani, kiongozi wa vijana wake. "Mashine itaenea, mafyekeo yataenea, na sisi tutabanana. Tunakwenda kukata majani, si kubeba magogo."

Baba alivua viatu, akapanda nyuma ya pikapu, akalala chali. Miguu yake ikatokeza nje. Akashuka, akapanda lori, akalala tena. Safari hii alienea, na nafasi ikabaki.

Watu walicheka. Jumaa wa Naipingo, mnunuzi wa ufuta na mtani wa baba wa siku nyingi, akapaza sauti, "Mikidadi! Umekuja kununua gari au kitanda?"

"Kitanda chenye injini," baba akasema akiwa bado amelala. "Wewe kanunue hilo kopo."

"Nalinunua. Na siku ukikwama nitakupungia mkono."

Kwetu mgonjwa hakalishwi. Anabebwa amelala kwenye kitanda cha kamba, na ndugu wa pande zote wanamfuata. Kumkalisha kama abiria ni kumwambia kwamba hana watu. Baba alikuwa akinunua nafasi ya kitanda hicho na ya watu hao.

Lori lilipofika nyumbani, mama alilizunguka polepole.

"Baba Yunusi, kubwa lote hili?" Yunusi ndiye mimi. "Mbona mimi nikikaa ndiyo napumua."

Bibi mzaa mama akamkatiza. "Ukae kama unakwenda sokoni? Una ndugu, wewe."

Mama akarudi ndani polepole. Baba akaenda kupima urefu wa kitanda.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Asubuhi moja mama akazidiwa. Kitanda kikapandishwa kwenye lori, na ndugu wakapanda, wajomba, mashangazi, wake za wajomba, mpaka mbao za ubavuni zikalia. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake ashuke. Tulipita Ruangwa salama. Mbele kidogo tukaingia kwenye udongo mweusi, na magurudumu ya nyuma yakazama.

Wanaume tulisukuma. Kisha baba akachukua fyekeo, Lukumani akachukua jingine, wakaanza kukata majani ya kando ya njia na kuyatandika chini ya magurudumu. Lori likayameza. Wakakata mengine. Baba aliyekuwa akinyoosha kingo za ukoka kwa kamba, siku ile alikata ovyo, huku na kule, mvua ikimpiga mgongoni.

"Baba Yunusi," mama akaita.

"Bado kidogo tu."

"Acha. Majani ya Mungu huyamalizi. Njoo uninyanyue nikae."

Alipanda, akamkalisha, akamwegemeza kifuani pake. Pumzi za mama zikatulia. Bibi alitazama, asikataze. Mama alifariki pale pale kabla ya adhuhuri, ameketi, akitamka shahada. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Baba hakuliuza lori. Aliendelea na kazi yake, na kiangazi alibeba wagonjwa wa watu. Mvua zikianza, aliliegesha.

Mwaka huu kifua kilimshika yeye. Nilipiga hendeli mpaka mikono ikachubuka, lori lisiwake. Jumaa alikuwa kijijini akinunua ufuta. Aliposikia, akaja na pikapu yake mpaka mlangoni.

"Mtani, kopo limekuja."

Baba akaitazama. "Nitalala wapi?"

"Hulali. Utakaa mbele na mimi."

Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na ndugu waliobaki wakatupisha. Baba akaketi mbele, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia. Tulipofika kwenye udongo mweusi aligeuza uso dirishani, akautazama mpaka tukaupita. Njia ilikuwa kavu. Mbele ya wodi, kando ya ukoka alioukata miaka mingi, Jumaa alizima gari.

"Tumefika?" baba akauliza.

"Tumefika."

"Kumbe mtu anaweza kukaa," akasema, akaanza kulia. Jumaa alibaki ameshika usukani. Hapo hakufanya utani.

Wodini nilimwambia kwamba siku ya mja imeandikwa, haitangulii wala haichelewi, na kwamba hata kwa pikapu mama angetutoka saa ile ile.

"Najua, mwanangu," akasema. "Naamini hivyo. Sasa ninyanyue nikae."

Nikamkalisha.