Mutu wa Chini ya Paa

Kama ulijenga nyumba Nchelenge miaka ile na ukataka paa lisilovuja, ulimwita Hippolyte, na ukimwita Hippolyte ulijua Ennie, mukewe, anakuja naye. Hakuna aliyempata mumoja bila mwingine. Mufanyi biashara fulani wa samaki, mutu wa mukono wa birika, alijaribu kusema yeye anataka fundi tu, bibi abaki nyumbani apike. Hippolyte alimuambia sawa, tafuta fundi wa namna hiyo, akaokota nyundo yake akaenda zake.

Watu walisema ni mapenzi. Mapenzi yalikuwapo, sikatai, lakini sababu ilikuwa kazi yenyewe. Paa la majani linashonwa. Mutu mumoja anakaa juu na sindano ndefu ya muti, yenye uzi uliofumuliwa kwenye nyavu kuukuu. Anaichoma, inatokea ndani, na mutu wa ndani anaipokea, anaizungusha kwenye ufito, anairudisha juu. Yule wa juu anaona majani tu. Wa ndani ndiye anayejua paa likoje, kwa sababu amesimama gizani na kila tundu linamuletea mwanga. Hata mabati yalipokuja, haya ambayo watu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, wanayaita manjanja, mambo hayakubadilika sana. Hippolyte alipiga misumari juu, Ennie alitembea chini, shingo nyuma, akitafuta matundu. Wenyewe waliyaita nyota.

Na hawa wawili walijuana kwa kosa. Hippolyte alipovuka ziwa kutoka Pweto, kijana bado, alikuwa na Kiswahili chake na nyundo, Kibemba hana. Kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa nyumba ya Mutale, shangazi yake Ennie, na Ennie akawekwa ndani kupokea sindano. Hippolyte akauliza kutoka juu, "Unaona?" Ennie akaona tundu la kupita panya, akajibu kwa lugha ya kwao, "Namona!" Maana yake: nimeona, kuna mwanga, rudi. Sasa Hippolyte yeye alisikia "naona", vile tunavyosema sisi mambo yakiwa sawa: naona, endelea. Akawaza, huyu binti anajaribu Kiswahili anakivunja, masikini, lakini ana nia njema. Akaendelea. Ennie akaita tena namona, namona, na kadiri alivyoita ndivyo yule bwana alivyokaza mwendo, akijiona fundi wa ajabu.

Mvua ya kwanza ilimukuta shangazi kitandani. Mutaa wetu wote wa Kashikishi ulicheka. Hippolyte alirudi kushona paa upya bila malipo, na mara hii alijifunza kwamba namona ni neno la kumurudisha mutu nyuma. Alirudi siku ile, akarudi na siku ambazo hazikuwa na kazi, mpaka shangazi Mutale akalalamika sokoni kwamba Mukongomani amekuja kuziba paa, kumbe anatoboa nyumba, amemuchukulia binti. Wakaoana kanisani. Tangu hapo, juu ya paa, lugha yao ilikuwa hiyo moja: yeye anauliza kwa Kiswahili, bibi anajibu kwa Kibemba. Naona, neno la endelea, Ennie hakulitumia kazini hata mara moja. Kama paa lilikuwa zima, alinyamaza.

Basi ikaja mashini.

Ni mwaka ule vita iliporudi ng'ambo, mitumbwi ikavuka imejaa watu na magodoro, na wenye mali wakaanza kujenga mastoo upande huu. Davison, mukandarasi wa Mansa, alileta jenereta na kitu kinachoshikwa kwa mukono mumoja, kinachokaza skurubu kwenye bati kabla hujamaliza kupumua. Skurubu yenyewe ilikuja na kifuniko cha mupira, inaziba tundu lake palepale. Hippolyte alisimama barabarani akatazama stoo nzima ikifunikwa, misumari yake bado iko mudomoni.

Jioni ile hapakuwa na habari nyingine. Agnès, muuza samaki wa Kikongo mwenye sauti ya kuvusha ziwa, alisema kazi ya paa imekufa, mafundi waende kuvua dagaa. Chileshe seremala alimucheka. Mashini inakunywa mafuta, alisema, na mafuta hapa yanatafutwa na maboti kwanza. Nyundo inakunywa nini? Walibishana mpaka ubwali, ugali wa huku, ukapoa. Hippolyte alikuwa anajua kwamba Agnès anapenda kutisha na Chileshe anaogopa, kwa hiyo hakuna wa kumusadikisha.

Davison mwenyewe ndiye aliyemufuata. Si mutu mubaya, tusimusingizie. Alimwita ba Hippolyte, kwa heshima, akamukalisha kwenye benchi, akasema anataka mutu anayejua kutembea juu ya mabati bila kuyakunja, na kwamba kazi itakuwapo hata miezi ile ziwa linapofungwa ili samaki wazaane, mitego inapokauka na hakuna anayejenga. Hippolyte aliuliza kuhusu mutu wa ndani. Davison hakuelewa swali. Alipoelewa, alieleza kwa upole kabisa kwamba skurubu hizi hazihitaji mutu wa ndani.

Memory, binti yao, alikuwa shule ya bweni Mansa, na karo ya shule haisubiri. Hippolyte alipita kando ya ziwa badala ya njia ya soko, ili achelewe kufika. Alimukuta Ennie anaparua samaki.

"Mama Memory," alisema, "wanataka mutu mumoja."

Ennie hakuinua kichwa. "Naona," alisema, kwa Kiswahili safi cha Pweto.

Ndugu yangu, afadhali angetukanwa. Miaka yote ile neno hilo halijatoka kwa Ennie, na sasa limetoka: sawa, endelea. Ennie akaendelea na samaki wake.

Akaenda, basi. Na ukweli usemwe, mashini ilikuwa nzuri. Mukono haukuuma, kidole hakikupondwa, mistari ilinyooka. Siku za kwanza alifurahi, akaona haya kufurahi. Lakini kila alipomaliza safu, mudomo wake wenyewe uliuliza, "Unaona?" na jenereta ikaimeza sauti. Chini hakukuwa na mutu. Alikuwa anauliza mabati.

Huko juu ndiko alikopata jibu ambalo Agnès na Chileshe hawakulipata. Watu wanauliza kama mashini itakula kazi ya paa. Mashini haili kazi nzima. Inachukua kipande kimoja, kile kidogo, ambacho hata jina hakina, na kila mutu anasema lo, hicho tu? Kumbe kipande kile ni mutu. Yeye Hippolyte alikuwa na kazi, na pengine angekuwa nayo mpaka mifupa ichoke. Kazi iliyokufa ilikuwa ya Ennie, na hakuna hata mumoja pale Kashikishi aliyeona kwamba imekufa, kwa sababu walizoea kuiita kumusaidia bwana.

Mafuta yalipokosekana, kama Chileshe alivyotabiri, mashini ililala na Davison akasema tuonane Jumatatu. Hippolyte alirudi nyumbani akakuta mulango umefungwa. Jirani alisema bibi amevuka kwenda kisiwa cha Chisenga, ndugu zake kwenye kambi ya wavuvi wanataka kibanda cha jiko, cha majani, na amebeba sindano.

Sindano. Hippolyte alipanda boti ya wachuuzi, akakaa kati ya magunia ya chumvi, akijiuliza nani anashona na nani anapokea. Alipofika kambini alimuona kwa mbali. Ennie alikuwa juu ya paa, kitenge kimefungwa magotini, na chini yake hakuna mutu. Alikuwa anachoma sindano, anashuka, anaingia ndani, anairudisha, anatoka, anapanda tena. Paa lilikuwa limefika nusu.

Hippolyte alishika pindo la majani akataka kupanda.

"Bashi Memory," alisema Ennie, akimwita baba Memory kwa lugha ya kwao, "huku juu kuna mutu. Ingia ndani."

Akaingia. Hajawahi kukaa humo paa likishonwa, hata siku moja. Giza lilikuwa la moto. Vumbi la majani lilimuangukia machoni, akafikicha, likaanguka tena. Shingo ilianza kuuma mapema. Sindano ilitokea karibu na sikio lake bila kubisha hodi, akaikamata, akaizungusha kwenye ufito, akaisukuma juu, na juu mukono asiouona ukaivuta. Akangoja. Hakujua mwenzake yuko wapi, anapumzika au anawaza nini. Alikuwa na uzi tu. Akamukumbuka yule binti wa nyumba ya shangazi Mutale, akiita humu gizani, na mutu wa juu anazidi kwenda.

Walifanya kazi bila maneno mpaka karibu na kilele. Ndipo Ennie akauliza, polepole, kama anaonja chumvi:

"Unaona?"

Hippolyte alitazama. Kulikuwa na nyota moja, ndogo, pale safu mbili zinapokutana. Angeweza kunyamaza; ni jiko tu, moshi wenyewe unataka pa kutokea.

"Namona," alisema.

Ennie alikuwa na haki ya kusikia anachotaka kusikia, hilo Hippolyte alilijua vizuri kuliko mutu yeyote katika ziwa hili. Bibi angeweza kuendelea kushona. Hippolyte akangoja, macho yamejaa vumbi, hajui vumbi ni lipi na machozi ni yapi.

Kisha majani yakalia juu ya kichwa chake. Ennie alikuwa anarudi nyuma, goti kwa goti.

"Wapi?"

Hippolyte akainua mukono, akapitisha kidole kwenye lile tundu. Na huko juu, mwangani, mukono ukakishika.